Kugandisha mayai ya uzazi: hatua kwa hatua, kuanzia kipimo cha damu hadi tangi la baridi

Siku niliyotolewa mayai niliamka nikiwa bado na wenge la dawa ya usingizi. Nesi akaniinamia, akasema, "Hongera dada, tumepata kumi na mawili." Nikatabasamu, nikalala tena. Kesho yake nikapiga simu maabara kuuliza jambo jingine kabisa, ndipo nikasikia kwamba yaliyogandishwa ni tisa. Matatu hayakuwa yamepevuka. Hakuna aliyenidanganya. Niliambiwa hesabu moja nikadhani ndiyo hiyohiyo nyingine, kwa sababu sikujua kwamba ziko mbili.

Basi mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua cha kuuliza kabla hajalipa na kabla hajachomwa sindano ya kwanza.

Jambo lenyewe ni hivi: mwanamke huchomwa homoni kwa siku 10 hivi ili mayai mengi yapevuke kwa mpigo badala ya moja, yanavutwa kwa sindano, yanagandishwa katika nyuzi 196 chini ya sifuri, yanatunzwa. Yai lililogandishwa halizeeki. Mwenyewe utazeeka, lakini lenyewe litabaki na umri uliokuwa nao siku ile. Uligandisha ukiwa na miaka 33, ukaja kulitumia ukiwa na 41, ni yai la mwanamke wa miaka 33.

Kwanza uelewe kinachopungua

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo huwa amebakiwa na laki tatu au nne. Yatakayopevuka na kutoka maisha yake yote ni kama 400 au 500 tu. Mengine hufa kimyakimya mwezi hadi mwezi, awe anameza vidonge vya uzazi wa mpango, awe mjamzito, awe ananyonyesha. Ndiyo maana ile hofu ya "nikitolewa mayai 12 leo si nitakoma hedhi mapema?" haina msingi. Kila mwezi kundi zima la mayai huanza safari pamoja, moja likapevuka, yaliyobaki yakanyauka. Sindano huyaokoa yale ambayo yangenyauka mwezi huohuo. Akiba ya miezi ijayo haiguswi.

Idadi ni nusu ya habari, na ni nusu nyepesi. Nzito ni ubora. Kadiri umri unavyosogea, mayai huzidi kukosea yanapogawa kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, na yai lenye kromosomu iliyopungua au iliyozidi mara nyingi halitungi mimba, au mimba hutungwa ikaharibika mapema. Mteremko huu huenda taratibu hadi katikati ya miaka ya thelathini, kisha unakuwa mkali, na baada ya 40 ni mkali kwelikweli. Utauziwa virutubisho vya kila rangi kwa ahadi ya kuyarudisha mayai ujanani; usitoe pesa yako. Sigara ndiyo unayoweza kuiondoa na ukapata faida, maana wavutaji hukoma hedhi mwaka mmoja au miwili kabla ya wenzao.

Wenye haraka na wasio na haraka

Wapo wasio na nafasi ya kutafakari miezi. Anayekwenda kuanza tibakemikali au kupigwa mionzi ya nyonga aliulize suala la mayai siku ileile anayopewa majibu ya saratani, kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuua mayai kwa wingi. Wengi hudhani ni lazima wasubiri hedhi inayofuata. Siku hizi sindano huanzwa siku yoyote ya mzunguko, na kazi nzima humalizika ndani ya wiki mbili hivi. Mwenye saratani ya matiti huongezewa kidonge cha letrozole ili estrojeni isipande sana wakati wa matibabu. Ukiona daktari wa saratani hajalitaja, litaje wewe. Ana mengi kichwani siku hiyo, na la uzazi ni rahisi kulisahau.

Kundi hilohilo lina mwenye selimundu anayejiandaa kupandikizwa uboho, mwenye endometriosisi (tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake) anayetakiwa kupasuliwa ovari, na yule ambaye mama au dada yake alikoma hedhi kabla ya miaka 40. Kwa msichana ambaye hajavunja ungo mayai hayawezi kupevushwa kwa sindano, na kwake kuna njia nyingine: kukata na kugandisha kipande cha ovari chenyewe.

Halafu wapo wanaosukumwa na umri tu: masomo, kazi, mwenza ambaye hajapatikana, au yupo lakini hayuko tayari. Kwao maoni yangu ni haya. Kabla ya miaka 28 hivi, uwezekano wa kuja kuyahitaji mayai hayo ni mdogo, na utalipia hifadhi miaka mingi. Kati ya 30 na 36 ndipo pesa na maumivu vinapolipa zaidi. Ukishapita 40 hukatazwi, lakini dai uambiwe namba zako bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hatua ya 1: Vipimo

Viwili ndivyo vyenye uzito. Cha kwanza ni cha damu, kinaitwa AMH, homoni inayotolewa na vifuko vidogo vya mayai ndani ya ovari. Cha pili ni altrasaundi ya ukeni, ambapo daktari huhesabu vifuko hivyo kwa macho, ovari ya kulia na ya kushoto. Vyote viwili hukisia ni mayai mangapi utakayotoa ukichomwa dawa. Havisemi chochote kuhusu ubora wake. Ubora unakisiwa kwa tarehe yako ya kuzaliwa. AMH ya chini haina maana kwamba huwezi kushika mimba kwa njia ya kawaida, na nimeona watu wakilia bure juu ya karatasi hiyo. Kumbuka pia kwamba vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango vinaweza kuishusha AMH kwa muda. Kama unavitumia, sema kabla ya kutolewa damu.

Ambaye hajawahi kufanya tendo la ndoa aseme mapema bila haya. Altrasaundi yaweza kupitia juu ya tumbo, na njia ya kuyatoa mayai ijadiliwe kabla, isije ikazuliwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Utapimwa pia VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Majibu haya huamua mayai yako yatahifadhiwa tangi gani, maana yasiyo na maambukizi hutengwa na yenye maambukizi.

Hatua ya 2: Hesabu, kabla ya kulipa

Hapa tukae kidogo. Yai si mtoto, na kati ya yai na mtoto kuna milango mitano sita, kila mlango ukibakiza baadhi.

Nitatumia yangu. Altrasaundi ya mwisho ilionyesha vifuko 17. Yalitoka mayai 12, kwa sababu si kila kifuko hutoa yai. Yaliyopevuka yalikuwa 9. Siku ya kuyayeyusha, maabara nzuri huokoa kama 8 au 9 kati ya kila 10, basi tuseme nitabakiwa na 8. Yatakayorutubishwa vizuri ni kama 7 kati ya 10. Sasa tuko kwenye 5 au 6. Viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa yakaanza kukua, vitakavyofika siku ya tano vikiwa hai ni nusu ya hapo au pungufu, viwili au vitatu. Na kiinitete kizuri kikiwekwa tumboni bado chaweza kisishike. Kutoka vifuko 17 nimebaki na nafasi mbili tatu za kujaribu. Nilizipanga namba hizi kwenye daftari kwa mstari mmoja wa kushuka, na ukurasa huo ulinifundisha kuliko vipeperushi vyote nilivyopewa.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha kikokotoo kinachotumiwa sana kuwashauri wanawake. Kwa makadirio yao, ili mwanamke awe na uwezekano wa asilimia 75 wa kupata walau mtoto mmoja, anayegandisha akiwa na miaka 34 anahitaji mayai 10 yaliyopevuka, wa miaka 37 anahitaji 20, na wa miaka 42 anahitaji 61. Pindua hesabu upande wa pili: wote watatu wakiwa na mayai 20, wa 34 ana asilimia 90, wa 37 ana 75, wa 42 ana 37. Ni makadirio ya kimahesabu, kituo kimoja hutofautiana na kingine, lakini yanatosha kukuonyesha kwa nini duru moja, yaani sindano hadi kutolewa mayai, humtosha mmoja na mwingine akahitaji mbili au tatu.

Kwa hiyo, kwa daktari, usiulize "nitapata mayai mangapi?" Uliza: kwa umri wangu, AMH yangu na vifuko mlivyohesabu, mnatarajia mayai mangapi *yaliyopevuka* kwa duru moja, na duru ngapi zitanifikisha kwenye idadi inayonifaa? Akijibu "usijali, utapata tu", muulize tena.

Hatua ya 3: Kukipima kituo

Kituo chochote kinaweza kugandisha. Ustadi huonekana siku ya kuyeyusha. Waulize wameyeyusha mayai ya wanawake wangapi, mangapi yalisalimika, na watoto wangapi wamezaliwa kutokana nayo. Kituo kilichogandisha mayai ya wanawake mia tano na kuyeyusha ya wanne bado hakijafanya mtihani.

Uliza kama wanagandisha kwa ghafla au kwa njia ya zamani ya polepole. Mtoto wa kwanza wa yai lililogandishwa (walikuwa mapacha, kwa kweli) alitangazwa Australia mwaka 1986 na daktari Christopher Chen, lakini kwa miaka mingi baadaye njia hii haikuwa ya kutegemewa, kwa sababu yai ni seli kubwa iliyojaa maji, na maji yakiganda taratibu hufanya vipande vya barafu vinavyochana kilichomo ndani. Ugandishaji wa ghafla ndio uliobadili mambo: yai hupoozwa kwa kasi kiasi kwamba maji hayapati muda wa kuwa barafu, yanakuwa kama kioo. Mwaka 2012 jumuiya ya madaktari wa tiba ya uzazi ya Marekani ikaondoa lebo ya "majaribio" kwenye huduma hii. Kituo kinachotumia njia ya polepole kwa mayai leo, toka.

Kisha tangi. Tangi la naitrojeni halitumii umeme kupooza, kwa hiyo umeme kukatika hakuyaui mayai; kinachoyaua ni naitrojeni kupungua bila mtu kugundua. Machi 2018 vituo viwili Marekani vilipata hitilafu za matangi, na maelfu ya mayai na viinitete vikaathirika. Uliza basi: nani hujaza naitrojeni na kila baada ya siku ngapi, kengele ya hatari hulia kwenye simu ya nani saa nane za usiku, na je, mayai yangu yanaweza kugawanywa kwenye matangi mawili?

Bei huja vipandevipande: vipimo, dawa za sindano (hizi mara nyingi haziko kwenye bei ya tangazo), kutoa mayai na dawa ya usingizi, kugandisha, hifadhi ya kila mwaka, na miaka mingi baadaye kuyeyusha, kurutubisha na kupandikiza. Taka zote kwenye karatasi moja, na hifadhi izidishwe kwa miaka unayofikiria.

Hatua ya 4: Mayai au viinitete?

Mwenye mume au mwenza huulizwa kama angependa mayai yarutubishwe kabisa, vigandishwe viinitete. Faida yake ni kwamba unajua mapema umebaki na vingapi, na vinaweza kupimwa kromosomu. Hasara ni moja na ni kubwa: kiinitete ni cha watu wawili. Mkiachana, mmoja akikataa, mara nyingi hakiguswi. Yai ni lako peke yako. Wengine hugawanya nusu kwa nusu, na mimi naona ni busara hata kwa wanaopendana sana.

Hatua ya 5: Siku za sindano

Kwa kawaida huanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Sindano ni za FSH, homoni uliyo nayo mwilini tayari, ila sasa kwa kipimo kikubwa. Unajichoma mwenyewe, tumboni, chini ya kitovu na upana wa vidole viwili au zaidi pembeni yake, kila siku saa ileile.

Ya kwanza niliiandaa mezani, nikaipangusa ngozi kwa spiriti, nikaibana kwa vidole, kisha nikakaa dakika ishirini nikiitazama sindano. Ni fupi na nyembamba, haifiki popote pa hatari. Kinachotesa ni ule ujasiri wa kuisukuma mara ya kwanza. Ya tatu nilijichoma huku nikiongea na simu. Acha spiriti ikauke kwanza, vinginevyo itawasha. Ingiza wima, bonyeza polepole, hesabu hadi kumi kabla ya kuitoa. Leo kushoto, kesho kulia. Dawa nyingi hukaa kwenye friji (chini, si kwenye sehemu ya kugandisha), basi itoe mapema kidogo ipungue ubaridi.

Kuanzia siku ya tano au ya sita huongezwa sindano ya pili ya kuzuia mayai yasiponyoke kabla ya wakati. Hii huwasha na kuacha alama nyekundu inayopotea baada ya saa moja hivi. Vituo vingine hutumia vidonge kwa kazi hiyohiyo.

Kila baada ya siku mbili tatu utaitwa kwa altrasaundi na damu. Vifuko hukua kama milimita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kadhaa vikifika milimita 17 hadi 20 umekaribia. Tumbo litajaa, suruali zitakataa kufunga, na hasira au machozi yanaweza kuja bila kubisha hodi. Ovari ambayo kwa kawaida ina ukubwa wa lozi sasa imevimba na ni nzito, inaweza kujisokota. Kwa hiyo hakuna kukimbia, kuruka wala kubeba vizito, na tendo la ndoa liachwe; yai moja likiponyoka, pana uwezekano pia wa mimba usiyoipanga, pengine ya zaidi ya mtoto mmoja. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 6: Sindano ya saa

Hii moja ndiyo isiyosamehe. Huchomwa kama saa 36 kabla ya kutolewa mayai, na ndiyo inayoyaamuru yamalizie kupevuka. Ukiwahi sana, yanaweza kuwa yameshaponyoka. Ukichelewa, hayatakuwa yamekomaa. Ukipangiwa kutolewa Jumatano saa mbili asubuhi, sindano ni Jumatatu saa mbili usiku. Karatasi ya kituo huenda ikaandika 20:00, na mtu mwenye usingizi anaweza kuisoma vibaya. Iandike kwa saa unayoitumia nyumbani, weka kengele mbili, mwombe mtu akupigie. Ukikosea hata kwa nusu saa, piga simu kituoni usiku huohuo useme ukweli. Wanaweza kusogeza ratiba ya upasuaji. Kisichojulikana hawawezi kukirekebisha.

Uliza pia ni sindano ya aina gani. Ipo ya hCG, na ipo ya agonisti ya GnRH. Kwa anayegandisha tu, hasa kijana mwenye vifuko vingi au mwenye PCOS (ovari zenye vifuko vingi mno na homoni zisizokaa sawa), ile ya agonisti hupunguza sana hatari ya ovari kuchachamaa kupita kiasi, nitakayoieleza mbele.

Hatua ya 7: Kutolewa mayai

Usile kwa muda uliopangiwa, aghalabu saa sita au zaidi. Usipake manukato wala mafuta ya kunukia, maabara haiyataki. Ondoa rangi ya kucha. Uje na mtu, kwa sababu hutaruhusiwa kuendesha gari wala kuondoka peke yako.

Utalazwa usingizi mwepesi. Daktari huingiza kifaa cha altrasaundi ukeni chenye sindano ndefu pembeni, anatoboa ukuta wa uke na kuvuta maji ya kifuko kimoja baada ya kingine. Hakuna kukatwa, hakuna mshono. Dakika 15 hadi 30 imekwisha. Utaamka na maumivu kama ya hedhi na matone ya damu.

Chumba cha pili, mtaalamu wa maabara anayatafuta mayai ndani ya yale maji kwa darubini. Yai lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mwenye macho makali angeliona kama nukta. Analivua seli zinazolizunguka, anatazama kama limetoa kipira kidogo pembeni. Hicho ndicho cheti cha kupevuka. Yasiyo nacho mara nyingi hayagandishwi. Yaliyo nacho huogeshwa kwenye kimiminika cha kuyakinga, yanawekwa moja, mawili au matatu kwenye ncha ya kijiti chembamba cha plastiki, na chap, ndani ya naitrojeni.

Taka karatasi yenye mambo haya: mayai yaliyotolewa, yaliyopevuka, yaliyogandishwa, vijiti vingapi, kila kijiti mayai mangapi, na aina ya vifaa na vimiminika vilivyotumika. Hilo la mwisho linaonekana la kitaalamu mno kwako, lakini ukija kuyahamishia kituo kingine, maabara ya huko italihitaji ili iyayeyushe inavyopasa.

Hatua ya 8: Wiki inayofuata

Pumzika siku moja mbili. Paracetamol inatosha kwa wengi. Hedhi huja ndani ya wiki moja au mbili.

Lijue hili kwa dalili zake. Ovari zilizochangamshwa kupita kiasi zinaweza kuvujisha maji kuingia tumboni. Kidogo ni kawaida. Lakini uzito ukipanda zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo ukapungua na kuwa mzito, tumbo likakaza kama ngoma, ukatapika bila kukoma, ukakosa pumzi au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usisubiri kesho. Vivyo hivyo homa, au damu inayojaza pedi baada ya pedi. Nilijipima kwenye mizani kila asubuhi kwa siku saba na kuandika ukutani. Ni kazi ya nusu dakika.

Hatua ya 9: Siku ya kuyarudia

Wanawake wengi waliogandisha hawarudi kuyachukua: wengine hupata mimba kwa njia ya kawaida, wengine hubadili mawazo. Anayerudi hapitii sindano zile tena. Huandaliwa mji wa mimba kwa homoni, mayai yanayeyushwa, na kila yai hudungwa mbegu moja ya kiume kwa sindano, kwa kuwa seli zinazolizunguka zilishavuliwa na ganda lake huwa gumu baada ya kugandishwa. Hadi sasa watoto waliozaliwa kwa njia hii hawajaonekana kuwa na kasoro za kuzaliwa nyingi kuliko wengine wa urutubishaji wa maabara.

Yai lilibaki na miaka 33, lakini moyo, figo na mishipa ya damu vimekwenda na wewe. Mimba ya miaka 44 ina hatari kubwa zaidi ya presha, kisukari cha mimba na kujifungua kwa upasuaji, na vituo vingi vina umri ambao baada yake havipandikizi. Muulize daktari umri huo leo, wakati bado uko mbali nao.

Hatua ya 10: Karatasi

Sheria hutofautiana sana. Uingereza, tangu Julai 2022, mayai yanaweza kutunzwa hadi miaka 55 mradi uthibitishe idhini kila miaka 10. Ufaransa iliruhusu mwaka 2021 kugandisha bila sababu ya kiafya, na kwa anayetolewa mayai umri ni kuanzia 29 hadi kabla ya kutimiza 37. Nchi nyingine hazimruhusu mwanamke asiye na ndoa. Kwa hiyo jua sheria ya mahali unapogandisha na ya mahali unapodhani utakuwa ukiyahitaji, maana mayai yanaweza kusafirishwa kwa chombo maalumu cha naitrojeni, lakini hayavuki sheria.

Fomu ya idhini itakuuliza mambo ambayo hungependa kuyafikiria ukiwa na miaka 33: ukifa, mayai yaharibiwe, yapewe mtafiti, au mwingine aliyeyahitaji? Ukipoteza fahamu? Usipolipa hifadhi, watangoja miezi mingapi kabla ya kuyatupa? Soma kipengele hicho cha mwisho mara mbili. Vituo humtafuta mteja kwa simu na barua pepe alizoacha siku ya kwanza, wakikosa jibu kwa muda ulioandikwa, wana haki ya kuyaondoa. Mimi niliandika namba ya dada yangu pia, na kila nikibadilisha laini, kabla hata ya kuwatangazia rafiki, kituo ndicho cha kwanza kupigiwa.